Pikipiki ya Mzee na Ile Siri ya Zschopau



Najua nimepotea. Wiki sita kimya kabisa, mpaka mwenzangu mmoja kaniuliza kama nimerudi Unguja kimyakimya au nimeoa huku. Hapana jamani, nipo, bado Chemnitz, na bado namsubiri yule adui yangu mtihani wa marudio wa themodainamiki. Kilichonimeza ni pikipiki. Na si pikipiki ya kwendea mjini, ni mkweche wa motokrosi, CZ 250 ya mwishoni mwa miaka ya 1960. Haina taa, haina honi, na kwa wiki zote hizo haikuwa na adabu pia. Leo nimenawa kwa sabuni ya unga mara tatu na kucha bado nyeusi.

Ninapokaa ni kwenye zile flati za zege za enzi za Ujerumani Mashariki. Waliokulia Kikwajuni wataelewa: baada ya Mapinduzi ya 1964 Wajerumani hawahawa ndio waliokuja kutusaidia kujenga flati pale kwetu, kwa hiyo siku ya kwanza nilivyoshuka na mabegi yangu nikajiona nimesafiri karibu kilomita elfu saba kuja kwa shangazi. Ghorofa ya chini anakaa mzee mmoja, umri umeshavuka themanini, mkewe alishafariki. Tulikuwa tunaamkiana tu mlangoni. Huku watu wa flati hukodi viwanja vidogo nje kidogo ya mji, wanapanda viazi na maua na kujenga kibanda, na siku moja mwezi wa nane mzee akaniomba nimsaidie kubeba mbao kwenye kibanda chake. Alipofungua mlango, ikatoka harufu ya petroli iliyochanganywa na oili.

Wadau, ile harufu! Vespa ya mjomba, asubuhi na mapema, kabla hajanipeleka chuoni. Nikasimama mlangoni na mbao begani kama niliyeitwa jina.

CZ ilikuwa nyuma ya magunia, tairi zimelala, tangi lina kutu, na panya walikuwa wamehamia kwenye siti. Mzee aliiendesha ujana wake kwenye klabu ya mbio, halafu klabu ilipovunjika akabaki nayo. Kiwanja alitakiwa kukirudisha mwisho wa mwezi wa kumi kwa sababu mgongo haumruhusu tena kulima. Kuna mtu alikuwa tayari kuinunua pikipiki aitundike ukutani kwenye baa yake. Mzee hakumkatalia, ila akaniambia: "Siwezi kuipanda tena. Nataka kuisikia tu, mara moja, kabla haijageuzwa picha."

Basi nikajitia ufundi. Nani alinituma sijui.

Sasa kabla ya spana, historia kidogo, maana bila hiyo mtaona nahangaika na chuma chakavu tu. Ukitoka hapa Chemnitz kwa treni ya mlimani, muda si mrefu unafika mji mdogo unaitwa Zschopau (tamka Chopau, msijing'ate ulimi). Hapo Mdenmark mmoja, Jørgen Skafte Rasmussen, alijenga kiwanda cha DKW, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1920 kilikuwa kiwanda kikubwa kuliko vyote duniani kwa kutengeneza pikipiki. Siyo Japani, siyo Uingereza. Hapo, bondeni, kwenye mji ambao leo ukipita jioni unasikia maji ya mto.

Umaarufu wao ulikuwa injini ya tu-stroki, hii ya kuchanganya petroli na oili. Kwa wasiojua, injini hii haina valvu. Hewa na petroli huingia kwanza chini, kwenye kasha la krenki, pistoni ikishuka inayasukuma kupitia vijia vya pembeni mpaka juu, na muda uleule moshi unatoka upande wa pili. Yaani wageni wanaingia na wenyeji hawajamaliza kutoka, wanapigana vikumbo mlangoni. Shida yake kubwa ni kwamba petroli mbichi inatoroka pamoja na moshi. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 DKW wakatumia ubunifu wa mhandisi Schnürle: vijia vimepindwa ili mkondo wa hewa ugonge ukuta wa nyuma, upande juu, uzunguke na kuusukuma moshi nje. Mwaka 1939 wakatoa RT 125, pikipiki ndogo rahisi, na hiyo ndiyo mama. Baada ya vita Ujerumani ilikuwa imeshindwa na hati za uvumbuzi wake hazikuwa tena na mwenyewe, kila mshindi akachukua. Waingereza wakaitoa kwa jina la BSA Bantam, Harley-Davidson wakatoa yao Marekani, Warusi wakatoa yao. Hata pikipiki ya kwanza kabisa ya Yamaha, YA-1 ya mwaka 1955, ni RT 125 iliyovaa kanzu nyingine. Ikumbukeni hiyo, nitairudia.

Haya, spana. Kosa la kwanza lilikuwa wazi: ukikanyaga kiki haishuki. Pistoni imeganda. Tuliondoa plagi, tukamimina dizeli na oili ya giabox kwenye tundu, tukaiacha wiki nzima. Kila jioni mzee anaigonga kwa kipande cha mti kwa upole kama anayemwamsha mtoto. Siku ya nane ikasogea. Silinda ya hii CZ ina kipenyo cha milimita 70 na pistoni inasafiri milimita 64, kwa hiyo ukipiga hesabu unapata cc 246, na ukuta wake, shukrani kwa Mungu, ulikuwa na kutu ya juujuu tu. Tangi tuliliosha kwa siki, tukatia nati chache ndani na kulitikisa mpaka mikono ikafa ganzi. Kabureta, mtengenezaji wake ni Jikov wa kulekule Chekoslovakia, lilikuwa limejaa utomvu wa kijani, petroli iliyolala miongo. Kila kijitundu nilikipitisha uzi mmoja wa waya wa breki ya baiskeli.

Halafu umeme. Cheche ipo, lakini ya njano, dhaifu, kama njiti iliyolowa. Nikasafisha kontakti, vile visahani viwili vinavyogusana na kuachana kukata umeme, nikaviachia nafasi ya robo tatu ya nusu milimita (mzee kaniangalia, kasema "sema sifuri nukta nne kama watu wengine"). Bado njano. Tukabadilisha kondensa, kile kikopo kidogo cha chuma, na cheche ikaja ya buluu, inapiga ta! ta! ta! Jumatano moja, teke la kumi na kitu, ikawaka. Nilipiga kelele. Mzee alikuwa ameinama, sikio karibu na silinda, na hakutabasamu. Akasema, "Haiko sawa."

Nikajisemea moyoni, huyu mzee vipi? Inawaka! Kumbe alishasikia nisichokisikia.

Ikiwa baridi inakwenda vizuri. Ikipata moto dakika kama tatu hivi, mlio unapanda wenyewe, hujagusa mkono wa mafuta, unapanda weeee mpaka unaogopa, halafu inazima. Ukijaribu kuiwasha haikubali mpaka ipoe. Plagi ukiitoa ni nyeupe kama chaki, wakati kwenye tu-stroki yenye afya hutoka kahawia, rangi ya chai ya maziwa. Nyeupe maana yake hewa nyingi, petroli kidogo. Na petroli ndiyo inayobeba oili, kwa hiyo petroli ikipungua hata ulainishaji umepungua. Mimi, msomi, nikasema jeti ni ndogo. Nikaweka kubwa zaidi. Ikatulia kidogo, ikarudia. Nikaweka kubwa tena.

Hapa ngoja niwaeleze nilichofanya, maana nimekificha wiki mbili. Jumamosi mzee alikwenda kwa daktari. Nikaitoa mkweche peke yangu, nikaipandisha kwenye kijia kati ya bustani, nikajiambia nikiipa kazi kidogo itajisafisha. Gia ya pili, mlima mdogo, mlio mtamu... halafu kriiik! Tairi la nyuma likafunga, nikaruka na kuangukia kwenye maboga ya watu. Imeshika. Pistoni imepata joto, imevimba, imeng'ang'ania ukuta wa silinda. Silinda yenyewe ambayo mzee hana ya akiba.

Nilimsubiri mlangoni mpaka jioni nikamwambia. Hakunifokea. Alichukua tochi, akachungulia kupitia tundu la moshi, akasema "Ni aluminiamu imejipaka, chuma hakijachimbika," akaenda kulala. Wiki nzima hakunisemesha zaidi ya salamu. Ningefokewa ningejisikia nafuu.

Sasa katika wiki hiyo ya kununiwa ndipo nikamletea insha yangu. Kwenye semina ya historia ya teknolojia niliandika kuhusu Zschopau, nikadhani atafurahi. Habari yenyewe ni hii, na ni kama sinema.

Baada ya vita kiwanda cha Zschopau kikabaki upande wa Mashariki, kikawa mali ya serikali, na baadaye kikaitwa MZ. Mwaka 1953 kitengo cha mbio kikapewa Walter Kaaden, mhandisi mzaliwa wa milima hiihii, ambaye wakati wa vita alifanya kazi Peenemünde kwenye mradi wa bomu la kuruka Hs 293. Hela hakuwa nazo. Alichokuwa nacho ni masikio, akili na osiloskopu, mashine ya kuonyesha mawimbi kwenye kioo. Akaiangalia ekzosti, ambayo wengi waliiona ni bomba la kutolea moshi basi, na akaona ni ala ya muziki. Moshi ukitoka unatuma wimbi la msukumo. Bomba likipanuka kama tarumbeta, linarudi wimbi la kuvuta, linasaidia kuusafisha moshi kwenye silinda. Likisinyaa tena mwishoni, linarudi wimbi la kusukuma, na kama umepima urefu vizuri wimbi hilo linafika mlangoni sekunde ileile petroli mbichi inataka kutoroka, linairudisha ndani. Wageni waliotaka kutoka na wenyeji wanasukumwa warudi waketi! Wazo la mawimbi hakuwa wa kwanza kuligusa, lakini yeye ndiye aliyelifikisha mwisho. Kufikia 1961 injini yake ya cc 125 ilitoa nguvu za farasi 25. Ni sawa na nguvu 200 kwa kila lita, kitu ambacho hakuna injini isiyopulizwa hewa kwa mashine ilikuwa imekifikia.

Mwaka huohuo, mwezi wa nane, ukuta wa Berlin ukajengwa. Mwezi uliofuata mwendeshaji wake bora, Ernst Degner, alikuwa Kristianstad, Sweden, kwenye mbio, akiongoza msimamo wa ubingwa wa dunia wa cc 125. Injini ikaharibika. Hakurudi nyumbani. Mkewe na watoto walishatoroshwa kwa kufichwa ndani ya gari. Ubingwa akauchukua Tom Phillis wa Honda. Degner akaenda Suzuki na maarifa ya Kaaden kichwani, na mwaka 1962 akawapa Suzuki ubingwa wa dunia wa cc 50, ubingwa wa kwanza wa injini ya tu-stroki kwenye mbio za barabarani. Wapenzi wa Formula 1 mnajua kona ya Degner pale Suzuka? Ndiye huyo.

Insha yangu ilimaliza hivi: siri iliibwa, Japani ikapaa, Mashariki ikaporomoka. Nilipata maksi nzuri tu.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani. Mwaka 1961 yeye alikuwa mwanagenzi palepale kiwandani, miaka kumi na sita. Anasema habari zilifika na hakuna aliyezisema kwa sauti. Watu walijua kwa jinsi wakubwa walivyotembea. Nikadhani atamtukana Degner. Wapi! Alichokasirikia ni neno langu "siri". Akanihesabia kwa vidole. Yamaha wameanza na pikipiki yetu, Waingereza hivyohivyo, Wamarekani hivyohivyo, na hao hakuna anayewaita wezi. Halafu akaniuliza swali ambalo sikulijibu: kama Degner aliondoka na kila kitu 1961, mbona kwenye motokrosi Mashariki ndiyo ilianza kushinda baada ya hapo?

Nikarudi maktaba. Na jamani, mzee ana haki.

Motokrosi ilizaliwa Uingereza, Camberley, mwaka 1924, na kwa muda mrefu ilikuwa mchezo wa pikipiki nzito za fo-stroki. Waliozipindua ni Wacheki. Kiwanda cha CZ, Strakonice, kilianza kama kiwanda cha silaha. Mwaka 1964 Mbelgiji Joel Robert, umri wake miaka ishirini, akawa bingwa wa dunia wa cc 250 juu ya CZ. Mwaka 1965 ni Mrusi Viktor Arbekov, juu ya CZ. Mwaka 1966 Paul Friedrichs wa Ujerumani Mashariki akauchukua ubingwa wa cc 500, na ndiyo mara ya kwanza tu-stroki kushinda kwenye daraja lile kubwa. Akarudia 1967. Akarudia 1968, mwaka uleule vifaru viliingia Prague. Juu ya CZ yote mitatu! Robert naye akashinda tena 1968 na 1969. Na MZ ya Zschopau, iliyosemwa imeibiwa roho, ndiyo ilikuwa tegemeo la timu ya Ujerumani Mashariki iliyoshinda lile shindano la siku sita za nyikani kuanzia 1963 hadi 1967 bila kukosa. Mwaka 1964 lilifanyika Erfurt, na Steve McQueen wa sinema alikuwepo, akiendesha kwa Marekani.

Kwa hiyo michoro kuondoka haikuwaua. Kilichofuata ndicho kilichowaua, na hakina utamu wa sinema. Suzuki walikuja kununua watu. Robert akahamia kwao akawapa ubingwa wa cc 250 mwaka 1970, wa 1971 na wa 1972. Roger De Coster aliyekuwa CZ naye akaenda, akaanza kuchukua ubingwa wa cc 500 mwaka 1971. Na walipanda kitu ambacho Strakonice wasingeweza kukitengeneza hata wangepewa michoro yote ya dunia: chuma chepesi. Sisi tuliipima CZ yetu kwa mizani ya bafuni, tairi moja moja, ikavuka kilo mia. Zile Suzuki za kiwandani hazikufika kilo 90, mpaka mwaka 1973 chama cha mbio cha dunia kikaweka uzito wa chini kabisa unaoruhusiwa. Mwisho kabisa ulikuwa 1974, Wohlen, Uswisi. Jaroslav Falta na CZ yake walikuwa wanawania ubingwa na Mrusi Gennady Moiseev wa KTM. Falta akagongwa na Warusi wengine njiani, akainuka, akashinda, watu wakambeba. Baadaye wakamwongezea dakika moja ya adhabu, eti aliondoka kabla ya kuanza. Ubingwa ukaenda. Mzee bado anaiita "ile dakika", na ukimwona anavyoitaja utadhani ni jana.

Hapo ndipo tulipoanza kuongea tena. Nikajikaza nikampigia mjomba Unguja, shikamoo, nikamrekodia mlio wa ile injini kabla haijashika, nikamtumia. Mjomba hajawahi kuiona CZ maishani. Alisikiliza mara mbili, akasema: "Mwanangu, hiyo inanyonya hewa. Umekagua sili ya magneti?"

Sili! Ile pete ya mpira inayozunguka mhimili wa krenki. Kwenye fo-stroki sili ikilia unapata doa la oili sakafuni. Kwenye tu-stroki kasha la krenki ndiyo pafu lenyewe, likitoboka linavuta hewa ya bure ambayo kabureta halina habari nayo. Ikiwa baridi mpira unabana. Ikipata moto unaachia, hewa inaingia, mlio unapanda, petroli haitoshi, oili haitoshi, pistoni inashika. Nilikuwa naongeza jeti upande huu wakati tundu liko upande ule. Kabureta halikuwa na kosa lolote maskini ya Mungu.

Mjomba alitaka nipulizie petroli pembeni nisikilize mlio ukibadilika. Mimi sikutaka kuchoma kibanda cha watu. Njia salama ni kuziba injini na kuipima presha: unafunga mlango wa kabureta, unafunga mlango wa moshi, pistoni iko chini, unajaza hewa kidogo tu na kuangalia kama inashuka. Isizidi bar 0.4, ukizidisha unazing'oa sili wewe mwenyewe. Kipimo cha namna hiyo sisi hatuna. Mzee akafikiri, akaingia ndani, akarudi na mashine yake ya kupimia presha ya damu, ile ya zamani ya mpira wa kuminya na saa yenye mshale. Saa yake inaishia milimita 300. Nikapiga hesabu: milimita 300 ni bar 0.4 kamili! Yaani kama iliundwa kwa kazi hii. Tukaunga mpira kwenye kizibo cha plagi, tukaminya.

Mshale ukafika 300, na tulivyoacha kuminya ukaanza kushuka. 250, 200, 150, huku tunauangalia. "Mgonjwa huyu," mzee akasema. Tukapaka maji ya sabuni. Kichwa cha silinda, kimya. Gasketi ya kabureta, kimya. Nyuma ya magneti, mapovu, madogo, mengi, kama mdomo wa kaa.

Kuvuta magneti ilitaka kivutio maalumu ambacho fundi wa mtaa wa pili alituazima. Sili ilipotoka ilikuwa ngumu kama kifungo cha shati, ikavunjika mkononi mwangu vipande viwili. Miaka zaidi ya hamsini. Tena petroli ya siku hizi inachanganywa spiriti, hapa Ujerumani ile ya asilimia 10 iliingia 2011, na mpira wa zamani hauipendi. Vipimo vilikuwa vimechongwa kwenye ule ukingo, nikaagiza mpya ya Viton, mpira unaovumilia joto na spiriti. Bei yake haifiki chakula cha mchana cha kantini. Nilipomwambia mzee bei alikaa kwenye ndoo. Akasema enzi zao kupata sili nzuri ilikuwa kazi ya kujuana: unampa mtu viazi, anampa mwingine saruji, mwisho wa mnyororo unapata sili mbili. Huko nje watu walisubiri Trabant zaidi ya miaka kumi, na hiyo nayo ilikuwa tu-stroki, yeye anazungumzia mpira wa pikipiki ya klabu. "Wewe umeandika kurasa ishirini kuhusu bomba," akaniambia. "Bomba tulikuwa nalo."

Nimeifuta ile sentensi ya mwisho ya insha. Maksi siwarudishii lakini.

Silinda tuliisafisha polepole, aluminiamu ikatoka, pistoni nikaisugua makovu, ringi tukaweka mpya. Tukarudia kipimo cha presha: 300, na dakika sita baadaye bado 300 kasoro kidogo sana. Nikarudisha jeti ya mwanzo, ileile ya kiwandani niliyoitupa kwa dharau kwenye kopo.

Leo Jumapili mchana, teke la pili. Nimeiacha ipate moto. Dakika tatu, nne, tano. Nimeshika klachi moyo unanidunda, nasubiri mlio upande. Haukupanda. Dakika ya kumi mzee akainama sikio karibu na silinda kama siku ile, akakaa hivyo muda mrefu, moshi wa buluu umetujaa, halafu akanyoosha mkono akafungua mafuta mwenyewe mara moja, mlio ukajibu, ukashuka ulipotakiwa kushuka. Mlango wa jirani ukafunguliwa, mama mmoja akatukumbusha kwamba leo ni Jumapili na Jumapili hapa watu hawapigi hata nyundo. Mzee akazima. Akaniambia kitu na nikagundua katumia ile "wewe" ya ndugu, maana Kijerumani kina "wewe" mbili na miezi yote hii alikuwa ananipa ile ya wageni.

Yule mtu wa baa anakuja Alhamisi. Mzee kasema kwanza atamsikilizisha, halafu ndiyo wataongea bei, na bei imeshapanda. Mimi sijasema kitu, ila nimepima upenyo wa baiskeli kule chini kwenye stoo ya flati na CZ inaingia ukigeuza usukani.

Haya wadau, ngoja nifungue daftari la themodainamiki, mtihani ni Jumanne saa mbili asubuhi. Spana yake ya 17 bado iko mfukoni mwangu, nitamrudishia kesho nikishuka.